Kuzunguka Montserrat kwa boti: kama hela inatosha kitu kimoja tu kisiwani, lipia hiki

Nianze na jibu kabisa kwa wale wenye haraka. Safari ya boti ya kuzunguka pwani ya Montserrat inalipa, tena inalipa sana, na kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu basi kiwe hiki, chumba chukua cha bei ya chini, gari usikodi, ila boti panda. Nasema hivi kwa sababu wageni wengi wanakuja kwa siku moja kutoka Antigua, wanapakiwa kwenye teksi, wanapandishwa kilima cha Garibaldi, wanauangalia mlima na mji uliofukiwa kwa mbali, picha mbili tatu, jioni hao wamerudi. Kile kilima na mimi nimepanda, ni kizuri sikatai, lakini ukiwa juu unaona jivu tu limetanda, hujui ardhi ya zamani inaishia wapi na ile mpya inaanzia wapi. Kwenye boti unajua. Pwani ya hiki kisiwa imechorwa upya ndani ya umri wa watu ambao bado wako hai na wanakuonyesha kwa kidole, pale palikuwa maji, pale tulikuwa tunaogelea, na we unatazama unaona nchi kavu na majani yameshaota.

Kwa wasiojua, Montserrat ni kisiwa kidogo cha Karibiani, urefu wake kama kilomita 16 na upana 11 hivi, kiko kusini magharibi mwa Antigua na kiko chini ya Uingereza mpaka leo. Unafika kwa kindege kidogo kutoka Antigua, dakika 20 tu, mnatua uwanja wa John A. Osborne uliofunguliwa 2005 juu ya kilima, ranwei yenyewe kama mita 600, fupi kwelikweli. Ule uwanja wa zamani wa upande wa mashariki haupo tena, nitafika huko. Pasipoti inagongwa muhuri wa jani la kijani la Kiayalandi, kwa sababu Wazungu wa kwanza kuja kukaa hapa kuanzia 1632 wengi walikuwa Wakatoliki wa Ireland, ndo maana vijiji vina majina kama Kinsale na St. Patrick's wakati wenyeji wenyewe ni weusi, wajukuu wa watu walioletwa kutoka Afrika kwa nguvu kulima miwa. Mimi ni mtu wa Tanga naishi London, nilikuja na dada mmoja ninayefanya naye kazi, kwao ni huku, pamoja na mama yake mzazi. Wao waliondoka kipindi kile cha volkano kama walivyoondoka maelfu ya wenzao, London wengi wao waliangukia Stoke Newington na Hackney kwa ujumla, ukikaa mitaa ile huwezi kukosa kumfahamu mmoja. Kwahiyo naandika hii kama mgeni, lakini mgeni aliyekaa boti moja na mwenyeji, na hilo limebadilisha sana nilichokiona.

Sasa huduma yenyewe. Hii sio kampuni, ni mtu na boti yake, mvuvi ambaye siku nyingine anavua na siku nyingine anatembeza watu, na Montserrat nzima wako wachache wa namna hiyo, ukiuliza ofisi ya utalii au hata pale unapolala watakupigia simu mmoja wao. Boti ni ya faiba, injini mbili za nyuma, turubai dogo la kivuli, inachukua watu kama wanane bila kubanana. Inaondokea Little Bay kaskazini magharibi. Kuna safari mbili: ya nusu, mnashuka pwani ya magharibi mpaka mbele ya mji wa Plymouth mnageuza, na ya kuzunguka kisiwa kizima. Sisi tulichukua ya kuzunguka kizima na ndo ninayoisifia hapa.

Kabla hamjatoka anawavalisha wote laifujaketi, na hapa sio suala la kuombwa, usipovaa boti haiendi, mama wa watu alitaka kugoma akaambiwa kwa heshima kabisa kwamba tutasubiri. Halafu anapiga simu kuuliza hali ya mlima. Kisiwa kina kituo cha kufuatilia volkano, MVO, kiko Flemings karibu na Salem, na nchi inatumia viwango vya hatari kuanzia 1 mpaka 5, kwa miaka sasa kimekuwa cha chini kabisa yani 1, ila bado zaidi ya nusu ya kisiwa upande wa kusini ni eneo ambalo huingii hivihivi, na baharini pia kuna mipaka yake, boti zinapita mchana tu na vipande vingine unapita bila kusimama. Nahodha alitueleza haya yote tukiwa bado kwenye jeti, polepole, na aliuliza nani ana pumu. Mi nilipenda sana hilo, nimepanda boti nyingi za utalii sehemu mbalimbali na sijawahi kuulizwa.

Mnaanza kwa kushuka pwani ya magharibi, upande wa demani, maji yametulia. Carr's Bay iko palepale jirani na Little Bay, kuna mizinga ya zamani imeelekezwa baharini, enzi hizo Waingereza na Wafaransa walikuwa wananyang'anyana visiwa hivi. Kwa mbali kaskazini magharibi unaona Redonda, jabali limesimama peke yake baharini, ni la Antigua na Barbuda, karne ya 19 watu walikuwa wanachimba mbolea ya kinyesi cha ndege pale. Halafu zinafuata Bunkum Bay, Woodlands, Lime Kiln Bay, fukwe ndogo ndogo za mchanga mweusi zilizojificha kati ya magenge. Mchanga ni mweusi kwa sababu kisiwa chote ni cha volkano, na hapa nahodha alielezea kitu ambacho nilikuwa sikijui: kisiwa kimejengwa kwa zamu. Milima ya kaskazini, Silver Hills, ndo ya zamani kabisa, ina zaidi ya miaka milioni moja, imeshapoa na kuchakaa, imebaki vilima vikavu vyenye miiba na vichaka. Katikati ni Centre Hills, yenye msitu mzito ambako anaishi yule ndege wao wa taifa mwenye kifua cha njano. Na kusini ni Soufrière Hills, mdogo wa mwisho ambaye bado yuko kazini. Chanzo cha yote ni kwamba sakafu ya bahari ya Atlantiki inazama taratibu chini ya bamba la Karibiani, kama sentimita 2 kwa mwaka, ndo maana visiwa hivi vimejipanga kwa mstari. Ukiwa kwenye boti hizo zamu unaziona kwa macho, unatoka kwenye kukavu, unaingia kwenye kijani kinachoshuka mpaka majini, halafu ghafla kijani kinakatika.

Kinakatika Old Road Bay. Hapo ndo mnapata picha ya kwanza ya kisiwa kilivyobadilika. Kuna korongo kubwa linaitwa Belham, zamani lilikuwa na daraja, na uwanja wa gofu, na ufukwe uliokuwa maarufu. Mvua kubwa ikinyesha inayasomba majivu na mawe kutoka mlimani, tope linashuka lote kwenye lile korongo, mwaka baada ya mwaka, daraja likafukiwa, gofu likafukiwa, na ufukwe ukawa unasogea kuelekea baharini. Jeti ya zamani bado ipo. Nahodha alituweka karibu tukaiona vizuri, nguzo zimesimama kwenye mchanga mkavu, maji yako mbele huko, na yeye anasema akiwa kijana alikuwa anapiga mbizi kutoka kwenye ile jeti. Boti zilikuwa zinafungwa pale. Sa hivi ukitaka kufunga boti kwenye ile jeti inabidi uibebe.

Mkipita Isles Bay mnazunguka rasi ya Bransby, nayo ina mizinga yake, halafu Fox's Bay, na baada ya hapo Plymouth.

Hapa nahodha anapunguza mwendo, na kwa kweli hiki kipande peke yake ndo thamani ya safari nzima. Plymouth ndo mji mkuu wa Montserrat, na kisheria bado ni mji mkuu mpaka leo ingawa serikali iko Brades kaskazini na hakuna mtu hata mmoja anaelala pale. Mji uko mteremkoni, nyuma yake kuna mlima umefunikwa wingu na moshi mweupe unatoka ubavuni, na ule mlima wenyewe ndo umeuua. Unaona tambarare la kijivu linashuka kutoka juu mpaka baharini, na ndani yake mapaa, ghorofa za pili bila ghorofa za kwanza, madirisha yaliyo usawa wa ardhi. Vichaka vimeanza kuota kwenye vyumba. Harufu ya mayai viza inakuja na upepo halafu inapotea.

Yule mama tuliekuja nae kwao ni Kinsale, kijiji kilichokuwa kusini kidogo ya mji. Alikuwa kimya tangu Little Bay, pale akasimama akashika chuma cha turubai akaanza kuutaja mji wote kwa mpangilio, kuanzia jeti, hii ndo iliyojengwa baada ya kimbunga, pale Parliament Street inapanda, pale kanisa, pale soko ambako Jumamosi ulikuwa huwezi kupita, na binti yake anamfuatisha kwa kidole. Nahodha hakumkatiza. Alikuwa na maelezo yake ya siku zote ya kuwapa watalii, hilo niliona kabisa, lakini aliyaacha, akawa anamjibu tu, akisahau jina la duka nahodha analimalizia. Walipofika kwenye Kinsale nahodha ndo aliemwonyesha mama wapi barabara ilikuwa inapita, kwa sababu kwa macho hakuna alama. Huo utu ndo kitu ambacho huwezi kukiweka kwenye orodha ya bei, na ndo sababu nasema tafuteni nahodha mwenyeji, mtu mzima, aliekaa kisiwani kipindi kile.

Kwa ufupi ilikuwa hivi. Septemba 17, 1989 kimbunga Hugo kilipiga kisiwa, zaidi ya asilimia 90 ya majengo yakaharibika, jeti ya Plymouth ikaenda. Wakajenga upya, mji ukarudi kusimama, na hawajamaliza hata kupumua, Julai 18, 1995 mlima uliolala karne na karne ukaamka. Agosti mwaka huohuo jivu likafunika Plymouth mchana ukawa giza totoro, watu wakahamishwa, wakarudi, wakahamishwa tena, na Aprili 1996 ndo ikawa mara ya mwisho kuondoka, watu waliacha vyombo mezani wakijua watarudi. Juni 25, 1997 mlima ukaporomosha majivu moto upande wa kaskazini mashariki, watu 19 wakafa, baadhi yao walikuwa wameingia eneo lililokatazwa kushughulikia mashamba na nyumba zao. Agosti mwaka huo moto ukafika Plymouth na mji ukaungua. Kati ya watu zaidi ya elfu 10 waliokuwa kisiwani wakabaki elfu 3 hivi, leo wako kati ya elfu 4 na elfu 5.

Wasomaji wa Goma na Kivu wanaijua volkano kuliko mimi, ila hii ni ya aina nyingine na ile ya Nyiragongo. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, inatiririka, ndivyo ilivyoingia mjini 2002. Ya hapa ni nzito kama ugali uliokaza, haitiririki, inajikusanya juu ya mlima inatengeneza kuba, kuba linakua mpaka linashindwa kujibeba, linaporomoka, na linapoporomoka inatoka gesi na majivu na mawe ya joto la mamia ya nyuzi yanashuka korongoni kwa kasi kuliko gari, huwezi kukimbia. Na mengi ya hayo yanaishia baharini. Hapo ndo pwani inapoongezeka.

Niwaambie na jambo la zamani zaidi la mbele ya huu mji, maana nahodha aligusia kidogo tu na mi naona linastahili zaidi. Plymouth haikuwahi kuwa na bandari ya asili, meli zilitia nanga nje palepale tuliposimama sisi, na sukari na watu vikawa vinapelekwa na kuletwa na mashua. Mwaka 1763 aliuzwa hapa Olaudah Equiano, Muigbo, kwa mfanyabiashara aliyeitwa Robert King. King akamfanyisha kazi kwenye mashua na merikebu zake, na Equiano akawa anapenyeza biashara yake ndogo, alianza na bilauri moja ya kioo aliyonunua kisiwa cha jirani cha Sint Eustatius, akaiuza hapa mara mbili ya bei, akaendelea hivyo kisiwa mpaka kisiwa mpaka Julai 1766 akafikisha pauni 40 akajinunua mwenyewe akawa huru, na baadae akawa mmoja wa sauti kubwa kabisa Uingereza kupinga biashara ya watumwa. Kwenye maji haya haya. Miaka miwili baada ya yeye kujikomboa, Machi 17, 1768, watumwa wa kisiwa walipanga kuasi wakati wenye mashamba wako kwenye sherehe ya St. Patrick, siri ikavuja, viongozi wakauawa. Hiyo tarehe sasa ni sikukuu ya taifa, wiki nzima ya ngoma, ukiweza kuja mwezi wa tatu njoo.

Jeti ya Plymouth kwa taarifa yenu haijafa. Majivu na mawe yaliyoufukia mji ni mchanga mzuri wa ujenzi, wanauchimba, malori yanaingia mpaka ndani ya eneo lililokatazwa kwa kibali, na meli za kubeba mchanga zinafunga kwenye jeti hiyohiyo zinapeleka visiwa vya jirani. Sikujua niwaze nini nilipoambiwa. Dada yangu yule alisema ni sawa tu, watu lazima wale.

Kusini ya Plymouth mnapita St. Patrick's na kwenda mpaka mdomo wa White River. Usiku wa manane kuamkia Desemba 26, 1997 ukuta mzima wa mlima wa upande huu uliporomoka, ukavifuta vijiji vya huku, watu walikuwa wameshahamishwa, na vitu vilivyoingia baharini vilisukuma wimbi lililopanda mpaka ufukwe wa Old Road Bay kule tulikotoka. Ile ardhi iliyotokeza mbele ya korongo bado ipo, pana, ya kijivu, bahari inaitafuna taratibu pembeni.

Baada ya hapo mnakata kona ya kusini na mambo yanabadilika. Upande wa mashariki ni upande wa joshini, pepo za biashara zinakuja moja kwa moja kutoka Atlantiki hakuna cha kuzikata, mawimbi ni makubwa, boti inapanda na kushuka na mtalowa, simu ziwekeni kwenye mfuko wa plastiki mapema. Wenye kutapika kwenye boti meza dawa kabla hamjatoka, sio mkiwa njiani. Mama tulimkalisha nyuma karibu na injini ambako hakurushwi sana, nahodha alipanga hivyo mwenyewe.

Lakini huu upande usiukose kwa sababu ya mawimbi. Mbele ya korongo la Tar River ndo maporomoko ya kwanza kufika baharini yalifika, Mei 1996, na ndani ya miezi michache kukawa na ardhi mpya mdomoni mwa korongo. Julai 2003 kuba kubwa kuliko yote likaporomoka huku huku, zaidi ya mita za ujazo milioni 200 kwa muda usiofika hata siku nzima, nyingi zikaingia majini. Mnapita kwa umbali, hamsimami, ila unaona ile pembetatu ya ardhi imejitandaza na mlima juu yake uko wazi, mwekundu na wa njano sehemu zinazotoa gesi, ukibahatika wingu likafunguka unaliona kuba lenyewe na vijiwe vinaporomoka vikiacha vumbi.

Kidogo kaskazini ni Trants, kulikokuwa na uwanja wa ndege wa zamani, W.H. Bramble. Februari 11, 2010 kipande kikubwa cha kuba kiliporomoka kuja huku na pwani ikasogea mbele mamia ya mita. Nahodha alizima injini ya pili akasema hapa tulipo miaka ya nyuma tungekuwa bado mbali sana na ufukwe, uwanja wenyewe huuoni, uko chini huko. Na chini ya uwanja kulikuwa na kitu kingine. Kabla ya Columbus kupita 1493 na kukipa kisiwa jina la monasteri ya Hispania bila hata kushuka, watu wa asili walikuwa na kijiji kikubwa hapa hapa Trants, wana akiolojia walikichimba, wakakuta vyungu na shanga za mawe, makazi ya zaidi ya miaka elfu 2. Waliochagua kukaa pale, wa kale na wajenzi wa uwanja, walichagua kwa sababu ileile, ni moja ya sehemu chache za tambarare pwani ya mashariki. Na tangu Februari ile ya 2010 lava mpya haijatoka tena, ni gesi na mvuke tu.

Mkishapita hapo mnapanda kaskazini kwenye magenge ya Silver Hills, marefu, ndege weupe wenye mkia mrefu wanaruka ruka kwenye mashimo ya jabali, na maji yanatulia mkizunguka kichwa cha kisiwa. Kituo cha mwisho Rendezvous Bay, ufukwe pekee wa mchanga mweupe, kwa nchi kavu unafikika kwa kupanda na kushuka kilima kikali, kwa boti unashuka hivihivi. Maji ni masafi, miamba ya matumbawe ipo, samaki wapo, miwani ya kuogelea anayo yeye. Hapo mnakula. Alikuwa na jungu la mchuzi wa mbuzi, chakula cha taifa, mwembamba, wa moto, na karafuu ndani yake, nilipouonja nikajua karafuu zimewekwa kwa mkono wa mtu anaezijua. Mkate wa kuchovya pembeni. Mimi nilirudia, mama alirudia, nadhani inatosha kusema.

Sasa kasoro, maana zipo. Tulichelewa kutoka karibu saa nzima na hatukupewa taarifa mpaka tulipopiga simu sisi. Kivuli cha turubai ni kidogo, mkiwa wengi nusu yenu mtakaa juani muda wote. Choo hakuna, na kutoka Plymouth mpaka Rendezvous ni mwendo mrefu, wazee na watoto wafikirie hilo. Bei haijaandikwa popote, unaambiwa kwa simu kulingana na mko wangapi, sisi tuliambiwa moja kwa dola za Marekani na baadae nyingine kwa dola za Karibiani Mashariki, tukakaa tukapiga hesabu pamoja kwa 2.70 kwa dola moja ndo tukaelewana, hakuwa na nia mbaya, ila ulizeni mapema ni dola ipi na chakula kimo au hakimo. Kadi hapokei, beba keshi. Na upande wa mashariki injini zinapiga kelele na upepo unabeba maneno, mlio mbele hamtasikia nusu ya maelezo, kaeni karibu nae.

Kuhusu kuingia Plymouth kwa miguu, watu wengi mnaniuliza. Inawezekana, unahitaji kibali na muongozaji aliyesajiliwa, ni huduma tofauti na hii na ni gharama nyingine. Kama unaweza vyote viwili anza na boti, ukija kuingia ndani utakuwa unajua umesimama wapi. Kama ni kimoja, mimi kura yangu nimeshaipiga.

Nahodha nampa tano kwa tano. Mpangilio wa safari, tatu na nusu. Mkiwa wanne kwenda juu chukueni ya kuzunguka kisiwa kizima, mkiwa wawili na hela inabana ombeni kuunganishwa na kundi lingine, anakubali, ila mpigieni siku mbili kabla ili apate muda wa kutafuta wenzenu. Miezi ya upepo mkali, Desemba mpaka Februari, mashariki mara nyingi hakupitiki, mwambieni ukweli kwamba mnataka kuzunguka kote na kama bahari haimruhusu msogeze siku, msikubali kubadilishiwa ya nusu kwa bei ileile.